Rangi moja, kampuni nyingi

Umeuliza kwa nini mabasi ya London yote ni mekundu ilhali ubavuni yana majina ya kampuni tofauti. Kampuni zinaendesha tu. Njia, nauli na ratiba hupangwa na mamlaka ya usafiri ya jiji, na njia zilianza kutolewa kwa zabuni mwaka 1985. Kabla ya hapo, tangu 1933, karibu kila kitu kilikuwa mikononi mwa shirika la umma. Vitengo vyake vya mabasi vikaja kuuzwa kwa watu binafsi, kazi iliyokamilika 1995. Nje ya London soko liliachwa huria 1986: kila kampuni na rangi yake, tiketi yake (vurugu tupu, kwa maoni yangu). Manchester ilianza kurudisha udhibiti 2023, na mabasi yake ni ya njano.