Panga kazi kwa kipimo cha siku yako mbaya

Mdogo wangu wa Mafinga, swali lako nimelisoma mara mbili. Umeacha kazi mbili za ofisini, daktari amekwambia una ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza umakini na kumaliza kazi, sasa unatengeneza kadi za harusi na mabango kwa kompyuta hapo nyumbani, na unauliza ufanyeje ili kazi hii isife kama zile. Mwishoni ukaongeza kwamba umeshika advansi za watu wanne na kazi zao hujazigusa. Hilo la mwisho nitalirudia.

Mimi niko Iringa, Kihesa. Nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, huu mwaka wa tisa. Nilikuwa nimeshafuma miaka miwili na kuharibu jina langu kwa watu wengi ndipo dada yangu akanipeleka hospitali ya rufaa Mbeya, akidhani nina sonona. ADHD haina kipimo cha damu. Daktari alikaa na mimi mara mbili, akauliza mambo ya utotoni, akaomba kuongea na mama kwa simu, kwa sababu hali hii haianzii ukubwani: dalili zinatakiwa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Mama akamwambia walimu wangu wa shule ya msingi walikuwa wakiandika jambo moja karibu kila mwaka, kwamba uwezo ninao ila kazi simalizi. Nilikuwa mtoto mpole, sirukiruki wala sisumbui, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wasichana wengi tunapitwa hivyo. Miaka 31 nilijiita mvivu, na nilikuwa nalia usiku kwa kazi ambazo kweli nilitaka kuzifanya.

Sasa sikia kosa langu, maana naona unalielekea. Nilipotoka kwenye ajira nilidhani uhuru ndio dawa. Hakuna bosi, hakuna kusaini saa moja na nusu. Siku moja nilikaa kwenye mashine tangu alfajiri, sikula, sikusikia simu, nikatoa sweta saba. Nikaamini huo ndio uwezo wangu. Shule moja ikaleta oda ya sweta 60, nikaahidi siku kumi. Siku tatu zilizofuata nilishindwa hata kupitisha uzi kwenye mashine. Nilikuwa nakaa mbele yake tu. Januari watoto wakafungua shule bila sweta.

Sisi umakini tunao, tena mwingi. Kinachotushinda ni kuuelekeza pale tunapotaka, saa tunayotaka. Kazi ikiwa mpya au ikikaribia kuungua, tunazama. Ikishazoeleka, mikono inakuwa mizito. Ndiyo maana siku yako nzuri itakudanganya ukiifanya kipimo.

Nilichofanya baada ya hospitali ni kuandika kila jioni nimefuma ngapi, kwa miezi mitatu. Siku nzuri sweta sita au saba, siku za kawaida tatu, siku mbaya moja au hakuna kabisa. Nikaamua kuahidi mbili kwa siku, basi. Ukiniletea oda ya 60, nakwambia mwezi mmoja. Nilipoteza wateja wasioweza kusubiri, na iliniuma, hasa mmoja aliyekuwa analipa vizuri. Lakini tangu hapo sijamwambia mtu "njoo kesho" zaidi ya mara chache. Na sweta za siku nzuri hazipotei. Naziweka kabatini, bluu na kijani, rangi zinazotumika shule nyingi za huku, nikianza Septemba. Disemba wazazi wanapokuja mbio, kabati ndilo linalofanya kazi. Mwezi wa sita baridi ikikaza nafuma kofia na soksi za watoto, na kubadilisha huko kunaniamsha.

Kwako ingekuwa hivi: siku umewaka, usimalize nguvu zote kwenye kadi ya mteja mmoja. Tengeneza violezo kumi vya kadi na uviweke. Siku mbaya utabadilisha majina na tarehe tu.

Jingine ni macho. Kwangu kisichoonekana kimekufa. Oda nilizoandika kwenye simu nilizisahau zote. Sasa kila oda ina mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani, una uzi na karatasi ya vipimo, umetundikwa ukutani mbele ya mashine. Mifuko ikifika mitano, sipokei mwingine. Saa kubwa ya ukutani iko pembeni yake, kwa kuwa muda nao siusikii ukipita. Simu inanilia mara tatu: kuanza, kula, kuacha. Ile ya kuacha iheshimu kuliko zote, kwa sababu ukizama hadi saa nane usiku, kesho yake umeshaipoteza.

Kisha mtu. Mama jirani huja saa tatu asubuhi na ungo wake wa maharage, anachambua, mimi nafuma. Hatuongei sana. Yeye hajui kufuma wala hanisimamii, anakaa tu, na mimi naweza kuanza. Asipokuja nampigia dada, naweka simu mezani bila kukata. Tafuta mtu wa hivyo kabla hujanunua kompyuta nyingine.

Dawa zipo na wengine zimewasaidia sana, ila ni za kuandikiwa na daktari. Zile za kuamsha ubongo hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo usimeze za mwenzako hata kidogo.

Turudi kwa watu wako wanne. Advansi mimi sasa nachukua ya uzi peke yake, na naununua siku hiyo hiyo. Ila kwako hela imeshaliwa, najua. Wapigie leo. Usitume ujumbe, utauogopa utakapojibiwa na utazima simu. Yule mwalimu wa sweta 60 nilimkimbia wiki tatu, nilikuwa nazunguka njia ya nyuma kwenda sokoni nisipite karibu na shule. Siku niliyompigia, dada alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikasema, "Shikamoo mwalimu, nimekukosea. Ninazo sweta 22. Zilizobaki nitazileta nane kila Ijumaa, na ukitaka hela yako nitairudisha kidogo kidogo." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Lete hizo 22."

Anza na yule unayemwogopa kuliko wote, mtu akiwa amekaa karibu nawe. Mwambie tarehe uliyoihesabu kwa siku zako mbaya. Ukimaliza, rudi hapa uniambie alijibu nini.