Muulize kwanza amekula saa ngapi

Wadogo zangu mnaoanza zamu kliniki ya kisukari hapa Dodoma, mtakaririshwa majina ya dawa na miligramu zake. Karirini. Ila jueni pia kila dawa inafanya kazi wapi mwilini, maana swali la kumuuliza mgonjwa linatoka hapo.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Chamwino. Tulikuwa tumemwambia aje hajala, tumpime sukari. Akatii. Alitoka alfajiri, hajatia kitu kinywani isipokuwa kidonge chake cha glibenklamaidi, kwa sababu tulishamwambia asikiache hata siku moja. Saa nne nilimkuta kwenye benchi, kanga imelowa jasho, vidole vinatetemeka, ananiita kwa jina la mwanawe. Kipimo cha sukari kilisoma 2.3 mmol/L, chini mno. Tukamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, tukampima tena baada ya dakika 15, kisha tukamtafutia uji.

Glibenklamaidi hulikamua kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, uwe umekula au hujala. Nguvu yake yaweza kufika saa 24, na figo zikiwa dhaifu hukaa zaidi. Kwa hiyo mtu wa namna hii asiruhusiwe kuondoka mara tu anapochangamka. Sukari hushuka tena. Siku hizi mama yule hufunga kidonge kwenye pindo la kanga, akakimeza akishapimwa, na uji wa uwele anao kwenye chupa. Waulizeni hivyo hivyo wanaoamkia shambani mvua zikianza. Wanaofunga Ramadhani, kama ndugu zetu wengi wa Kondoa, waonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Metfomini ni ya upole zaidi. Hupunguza sukari ambayo ini humwaga kwenye damu, na ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kero yake ni tumbo: mtu anaharisha, anaona aibu kusema, anaiacha kimya kimya. Muulizeni waziwazi. Ianze kidogo, imezwe na chakula.

Empagliflozini hutoa sukari kwa njia ya mkojo. Ulizeni kuhusu maji ya kunywa, na fangasi sehemu za siri.

Sindano ya semaglutaidi mtaulizwa sana, hata na wasio na kisukari wanaotaka kupungua. Marekani iliidhinishwa kwa kisukari mwaka 2017, kwa unene mwaka 2021. Huiga homoni ambayo utumbo hutoa tukila: kongosho hutoa insulini sukari inapopanda, tumbo huchelewa kumwaga chakula, ubongo huhisi shibe. Mwambieni ukweli kwamba wengi wakiiacha uzito hurudi. Kichefuchefu mwanzoni ni kawaida, lakini anayetapika kutwa, au tumbo linamuuma mpaka mgongoni, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.