Vikorokoro vya Kompyuta Mpakato: Vishikwe na Nini, Vikae Wapi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mazoea ya kuiacha flashi ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta mpakato hata ninapoifunga na kuitia begini, kwa sababu nilijua kwamba nikiichomoa nitaipoteza. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani nilikwisha kupoteza flashi tatu na kipokezi kimoja cha kipanya kisicho na waya, na sikuviona tena. Kisha siku moja niliteremsha begi likaangukia ubavu, na nilipoitoa kompyuta nikaikuta flashi imeinama kama jino linalotaka kung'oka. Fundi alipoifungua aliniita nitazame kwa kioo cha kukuzia. Flashi yenyewe ilikuwa nzima, lakini tundu lilikuwa limenyanyuka upande mmoja kutoka kwenye bodi, na kati ya vijiti vinne vilivyolehemewa, viwili vilikuwa vimeng'oka pamoja na utando mwembamba wa shaba uliokuwa chini yake. Kulehemu upya vijiti ni kazi nyepesi, alinieleza, ila utando ukishatoka hakuna tena pa kulehemea.

Kilichofanya kazi pale ni wenzo. Flashi inayotokeza sentimita 4 nje ya kompyuta ni mpini mrefu uliokitwa kwenye shimo la sentimita 1 hivi, kwa hiyo msukumo mdogo kwenye ncha yake hufika kwenye lehemu ukiwa umekuzwa mara kadhaa. Uimara wa matundu haya hupimwa kwa idadi ya kuchomeka na kuchomoa: tundu la kawaida la USB-A, lile pana la mstatili, limekusudiwa kuhimili angalau mara 1,500, na la USB-C, lile dogo lenye kingo za mviringo, mara 10,000, tena katika USB-C springi zinazochakaa zimewekwa kwenye kichwa cha kebo ili kebo ndiyo itangulie kuchoka, kwa kuwa kubadilisha kebo ni rahisi kuliko kubadilisha tundu. Hesabu hizo ni za kuingiza na kutoa kwa kunyooka, na hazisemi lolote kuhusu kusukumwa kwa ubavu ndani ya begi. Mtu anayechomeka kebo ya USB-C mara tatu kwa siku atahitaji zaidi ya miaka tisa kufikisha mara 10,000, hivyo ile imani kwamba kuchomoa kila mara kunalichosha tundu, ambayo nami nilikuwa nayo, haitoshi kuwa sababu ya kusafiri na kitu kikiwa kimechomekwa.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti kwamba kitu kidogo kinaweza kuandamana na kompyuta, mradi kisishikwe na tundu lake. Ninachokiachia ni kipokezi kile kifupi cha kipanya ambacho hakitokezi zaidi ya milimita chache. Hata hicho, vipanya vingi vina kishimo chake tumboni, aghalabu chini ya kifuniko cha betri, na nimeshangaa kuona ni watu wangapi wametumia kipanya kwa miaka bila kukifungua wakakiona. Kama unakiacha kimechomekwa, angalia pia kisipakane na diski ya nje inayotumia USB 3.0, kwa sababu mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa ya karibu na gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya vipanya vingi vya aina hiyo. Kielekezi kinachorukaruka wakati wa kunakili mafaili makubwa mara nyingi hutokana na ujirani huo, na dawa yake ni kuhamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta.

Kwa vitu vingine nilihitaji mfuko, nikaamua kuubandika mgongoni mwa kompyuta, yaani nyuma ya skrini. Mfuko wa kwanza, wa kitambaa chembamba chenye gundi upande mmoja, nilioubandika asubuhi na kuujaza saa hiyo hiyo, ulidondoka kabla ya jua kuzama. Niliilaumu gundi, lakini kosa lilikuwa langu kwa namna mbili. Kwanza, mgongo wa kompyuta hushikwa kwa vidole kila siku, na mafuta ya ngozi hutandaza utando usioonekana ambao gundi hushikamana nao badala ya kushikamana na chuma au plastiki iliyo chini yake. Pili, gundi za akriliki za kubandika kwa kugandamiza hazikamiliki papo hapo, kwani katika joto la kawaida la chumbani hupata takribani nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, sehemu kubwa baada ya siku moja, na ukamilifu baada ya saa 72. Mara ya pili nilifuta mahali pale kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, nikasubiri pakauke kabisa, nikagandamiza kwa kidole gumba kuanzia katikati kwenda kingoni huku kiganja cha pili kikiikinga skrini kwa upande wa ndani, kisha nikauacha mfuko mtupu kwa siku tatu. Mfuko huo ulidumu hadi kompyuta ilipobadilishwa.

Kwa kitu kinachobandikwa na kubanduliwa mara kwa mara, kama kalamu ya kishikwambi au diski ndogo ya nje, velkro, ule utepe wa pande mbili zinazonasana, ni bora kuliko gundi. Asili yake inafurahisha: mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alichunguza vijimbegu vya magugu vilivyonasa kwenye manyoya ya mbwa wake, akaona vindoana, akaviiga. Jambo la kuzingatia ni upande gani uende wapi. Upande laini wenye vitanzi ubandike kwenye kompyuta, na upande wenye vindoana kwenye kile kifaa kidogo, kwa sababu vindoana vikikaa kwenye kompyuta vitakwaruza meza, vitashika sweta yako na kuokota nyuzi zote za begini hadi viache kunasa. Kumbuka vilevile kwamba velkro hustahimili sana kuvutwa sambamba na uso wake lakini huachia kirahisi ikianza kubanduliwa kuanzia pembeni. Diski yenye kebo basi ielekezwe ili kebo ivute kwa kufuata uso.

Sumaku ndizo zilizowahi kunitia hofu zaidi. Nilikuwa nikiandika, skrini ikazima, nikagusa vitufe ikawaka, ikazima tena, na nilikuwa nimekwisha kukubali moyoni kwamba bodi imekufa nilipoliondoa kasha la visikilizio lenye sumaku lililokuwa pembeni mwa padi ya kugusa, na ugonjwa ukapona. Kompyuta nyingi mpakato hutambua kuwa zimefungwa kwa kihisi kinachosikia sumaku iliyomo kwenye kifuniko, kwa hiyo sumaku yoyote ikikaa juu ya kihisi hicho, kompyuta hudhani imefungwa na kulala. Hifadhi za kisasa zisizo na sahani inayozunguka hazidhuriki na sumaku hizi, ila kadi zenye utepe wa sumaku zinaweza kufutika. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani anapaswa kuviweka mbali vifaa vyenye sumaku, angalau sentimita 15.

Yapo maeneo ambayo hayafai kubandikwa chochote. Chini ya kompyuta kuna matundu ya feni, na kila kinachobandikwa nyuma ya skrini ni uzito ambao bawaba zitaubeba kila unapofungua, hivyo mgongoni pawekwe vitu vyepesi tu, tena karibu na bawaba kuliko ukingo wa juu. Hatari zaidi ni nafasi iliyo kati ya vitufe na skrini. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wenye MacBook wasizifunge zikiwa na kizibo cha kamera, kwa kuwa kinaweza kuiharibu skrini, na ikaeleza kwamba kama kizibo ni cha lazima, kisizidi unene wa karatasi ya kawaida, yaani milimita 0.1. Kompyuta nyingine nyembamba zina nafasi finyu vivyo hivyo, na kalamu iliyosahauliwa juu ya vitufe huiharibu skrini vivyo hivyo, kwa ukatili zaidi.

Nikija kwenye kebo, sina budi kukiri kwamba kwa muda mrefu nilizizungushia kwa kukaza kwenye chaja yake, na kila moja ilikatikia mahali pale pale, shingoni, penye makutano ya waya na adapta. Sasa naacha kwanza kitanzi kilicholegea chenye upana wa vidole viwili, ndipo naanza kuzungusha. Kebo ndefu siizungushi kwenye kiwiko na kiganja, kwa kuwa kila mzunguko wa namna hiyo huingiza msokoto mmoja ndani ya waya, na waya uliosokotwa hujikunja wenyewe utakapofunguliwa. Njia ninayoitumia ni ya mafundi wa sauti jukwaani: pindo la kwanza hupita juu kama kawaida, na kwa pindo la pili kiganja hupinduliwa ili kebo ipite chini, halafu juu tena, halafu chini, hadi mwisho, na msokoto wa pindo moja hufutwa na ule wa pindo linalofuata. Kebo iliyokunjwa hivyo ukiirusha sakafuni ukiwa umeishika ncha hufunguka bila fundo. Huchukua siku mbili tatu za kukosea kabla mkono haujazoea.

Kebo za USB-C zinafanana kwa sura lakini si ndugu. Nyingine hupitisha wati 60, nyingine wati 240, na baadhi ya zile za kuchajia hupeleka data kwa megabiti 480 tu kwa sekunde, kasi ya USB 2.0. Nilipochoka kukisia, nilizipaka tone la rangi ya kucha shingoni, nyekundu kwa ile ya diski na ya bluu kwa ile ya chaja kubwa.

Pawabenki haibandikwi mahali popote, kwa sababu hutoa joto na kompyuta hutoa joto lake. Hukaa kwenye kipochi cha peke yake, na ikiwa sitaitumia kwa wiki kadhaa huiacha ikiwa na chaji ya karibu nusu. Kwa wanaosafiri kwa ndege, huwekwa kwenye mzigo wa mkononi, na kiwango kinachoruhusiwa kwa kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli za volti 3.7 ina wati-saa 74. Kadi ya kumbukumbu ya microSD, yenye milimita 15 kwa 11 na unene wa milimita 1, huingia kwenye kikasha chake cha plastiki kabla ya kuingia mfukoni, maana moja niliyoitia mfukoni bila kikasha ilifuliwa pamoja na suruali.

Utakapotaka kuubandua mfuko, usiuvute kwa nguvu kwenda juu. Izime kompyuta, pasha gundi kwa kikausha nywele kilichowekwa kwenye moto mdogo kwa nusu dakika, ukikisogeza huku na huku kisitulie juu ya skrini, kisha anza kwenye kona moja na uvute polepole, ukiirudisha gundi nyuma karibu sambamba na uso. Mabaki yatakayosalia huviringika chini ya kidole kama taka za kifutio, na yanayokataa hutoka kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, kamwe isimiminwe moja kwa moja juu ya kifuniko.