Hoteli ya ufukweni imechakaa: unaweza kudai pesa?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kudai pesa kwa chumba cha hoteli ambacho kiyoyozi kinavuja na bafuni kunatoka maji ya chumvi. Kiyoyozi kudondosha maji kitandani ni uzembe mtupu: mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba, na fundi huuzibua kwa dakika chache. Maji ya chumvi bafuni ni jambo jingine. Visima vya karibu na bahari huingiliwa na maji ya chumvi, hivyo usitarajie yabadilike leo.

Piga video sasa, watumie mapokezi kwa WhatsApp ili saa ionekane, omba chumba kingine. Wakikataa, fungua madai ya kurudishiwa pesa kwenye tovuti uliyolipia kabla hujaondoka. Ukishatoka watasema hukulalamika.

Kagua na mishono ya godoro, kwenye kona. Ukiona vidoa vyeusi, huenda ni kunguni. Kataa chumba cha jirani, maana hupita kwenye nyufa za ukuta.