Stardew Valley haili bando, na zawadi ya mama chini ya mia mbili

Yakhe, umeuliza kama Stardew Valley, ile gemu ya kulima shamba, inakula bando, na umpe mamako zawadi gani ya chini ya shilingi mia mbili. La, Stardew Valley haitaki intaneti. Unanunua mara moja, unaishusha kwa simu kwa wifi ya mtu, basi, haina matangazo wala haikuombi hela tena, mimi naicheza hapa Lamu stima ikipotea na netiweki ikalala na shamba langu liko vile vile. Jambo moja tu, siku kwa kawaida hujiseva ukishalala kitandani mle ndani ya gemu, kwa hivyo usizime simu katikati ya kumwagilia maji halafu uje kulia.

Na zile zawadi za mle ndani ya gemu unazowapa wanakijiji, mtu mmoja humpa mbili tu kwa wiki ila ya siku yake ya kuzaliwa huhesabiwa mara nane, ndio maana watu wanaandika tarehe.

Ya mamako wa kweli mfungie kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Asmini chuma alasiri zikiwa bado vitumba, zitafunguka usiku zenyewe, utie na kijiti cha rehani katikati, ufunge na uzi wa cherehani kwa kukaza pole pole maana ukivuta sana kikonyo hukatika (yangu ya kwanza ilibaki rehani tupu). Kama una mti nyumbani ni bure. Lakini usifunge leo kwa ajili ya kesho kutwa, asmini ikilala siku mbili hugeuka rangi ya chai. Ukichelewa kidogo ivike kitambaa kibichi uiweke penye ubaridi.