Nina mbwa wa kuniongoza, kaka kanisusa: nimrudishe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke, Mzanzibari, naishi Uingereza. Macho yangu yaliondoka kwa sukari, sasa hivi naona mwanga tu. Mwaka na nusu uliopita nilipewa mbwa wa kuongoza na tangu hapo naenda kliniki, dukani na kazini peke yangu. Kaka yangu anasema swala zangu hazipokelewi na hatii mguu kwangu. Msikitini nimeambiwa nisije naye hata mlangoni. Juzi dereva wa teksi, Muislamu tena Mswahili mwenzetu, kaniacha kwenye mvua. Nimrudishe huyu mbwa? Na nikisema kweli, yeye ndo mwenzangu nyumbani siku hizi.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Usimrudishe. Nimeanza na hilo ili ulale usingizi, mengine tutazungumza taratibu.

Swali lako limenikera, sio wewe dada yangu, waliokuzunguka ndo walionikera. Maana kwetu pwani mtu anajua masuala mawili ya mbwa, kwamba ni najisi na kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, basi na hayo mawili anamfungia mtu ndani ya nyumba miaka. Hadithi ya anayefuga mbwa kupungukiwa thawabu kila siku tunaijua wote, iko Bukhari na Muslim, lakini mbona watu wakiisoma wanaishia njiani? Hadithi hiyo hiyo imemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Na Imam Nawawi, ambaye ni Shafii kama sisi sio mtu wa kuokotwa, kasema lililo sahihi zaidi ni kwamba hata mbwa wa kulinda nyumba anafaa, kwa kupima na hao watatu, kwa sababu haja ipo. Sasa wewe niambie, mbuzi karuhusiwa mlinzi, mtama karuhusiwa mlinzi, mwanadamu asiyeona ndo aambiwe haramu?

Halafu wapo wanaosema "atafute mtoto amshike mkono". Hili nalijua vizuri. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, kulikuwa na mzee kipofu, yeye kashika ncha moja ya bakora na mjukuu wake kashika ya pili, wanakwenda hivyo mpaka sokoni, mpaka msikitini. Watu wakimsifu yule mtoto. Hakuna aliyeuliza mbona saa nne asubuhi hayuko skuli. Na mzee mwenyewe akitaka kutoka mtoto kalala, basi hatoki. Huo ndo msaada unaoambiwa urudi kwake?

Na wanaodhani huyu ni mbwa tu anamvuta mtu kamba hawajamuona kazini. Mimi nimemuona mmoja Birmingham, kituo cha basi. Njia anaijua mwenye mbwa, mbwa hajui unakwenda wapi, kazi yake ni kukuepusha na nguzo na kusimama ukingoni mwa barabara. Yule bwana kamwambia twende, mbwa kagoma, kajikita pale pale masikio yamesimama, kumbe kuna baiskeli inakuja kasi bila sauti. Kafundishwa hivyo, akiamriwa kwenye hatari asitii. Quran yenyewe katika Suratul Maida inataja wanyama tuliowafundisha kwa aliyotufundisha Allah, na ikahalalisha wanachotukamatia kwenye mawindo.

Kuhusu malaika: Imam Khattabi, mwanachuoni wa hadithi, kasema waliokusudiwa kwenye ile hadithi ni mbwa wasioruhusiwa kufugwa. Nawawi hakukubaliana naye hapo, kaona ni mbwa wote, sifichi. Lakini hata yeye hakusema swala ya mwenye nyumba inabatilika! Hilo kaka yako kalitoa wapi, kwenye klipu ya WhatsApp?

Najisi sasa. Kwetu Mashafii mbwa mzima ni najisi nzito, ndio, Mahanafi wanasema mate tu, Imam Malik anasema yuko tohara, yaani si najisi. Kubaki na madhehebu yako inawezekana wala si tabu kama wanavyokutisha. Kikavu kikigusa kikavu hakuna kitu, umemshika mkanda wake, manyoya yamekupitia gauni na yote makavu, nenda kaswali. Akikulamba au akiwa kalowa mvua ndo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Weka kopo la udongo safi karibu na sinki. Wapo katika Mashafii wenyewe waliosema sabuni inatosha mahali pa udongo, na siku ukizidiwa ukamfuata Imam Malik hujatoka kwenye dini. Tenga chumba cha kuswalia asiingie, na chombo chake cha chakula kiwe mbali na vyako.

Msikitini usimuingize sehemu ya kuswalia, lakini mlangoni kuna ubaya gani? Leicester mwaka 2008 hili lilishazungumzwa na wanachuoni huko huko Uingereza, msikiti ukamtengea mbwa pahala pa kupumzika na kijana asiyeona akaingia kuswali. Wewe mwanamke swala ya jamaa haikulazimu, ila kuja ukitaka ni haki yako. Kamati waambie wasome kisa cha Ibn Umm Maktum, kipofu, aliyemwambia Mtume (s.a.w.) hana wa kumuongoza kuja msikitini. Akaulizwa adhana unaisikia? Akasema ndio. Akaambiwa basi itikia. Yeye alikosa wa kumuongoza, wewe unaye, na wao ndo wanamfukuza.

Dereva yule kavunja sheria ya nchi, Sheria ya Usawa (Equality Act) ya 2010, labda awe na cheti cha msamaha wa kiafya kutoka kwa waliompa leseni, na leseni kaichukua anajua masharti. Angetandika shuka kuukuu chini siti isingeguswa. Kumuacha mgonjwa kwenye mvua ataliosha kwa udongo gani?

Na huko kumuita mwenzako usione haya. Yule mwanamke aliyemnywesha mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa dhambi. Ila najua ukipata mbwa mpole na binadamu wakali, hamu ya binadamu inapungua, usiache hivyo. Jumapili waite kina dada wawili watatu kwa chai, anayeogopa mbwa akae chumba kingine.

Kaka yako ndo kanishinda. Kwenye mbwa wanachuoni wana khitilafu, nimekuonyesha, lakini kukata undugu hakuna imam hata mmoja aliyeruhusu. Mwaka na nusu dada haoni na yeye hajui kapikiwa nini na nani! Nitumie namba yake, nitampigia mwenyewe baada ya Isha.