Mafaili 4,000 na bosi bado haelewi

SWALI: Kaka mshauri habari za kazi. Mwaka jana nilipewa kitengo cha usimamizi wa maarifa hapa ofisini, yaani kutunza na kusambaza ujuzi wa kazi, tukanunua sistimu, tukasumbua kila idara ilete ripoti na miongozo yake, leo tuna mafaili kama 4,000. Juzi kwenye kikao cha bajeti mkurugenzi kaniuliza swali moja tu, hivi haya yanatusaidia kufikia lengo gani? Nikabaki najiumauma. Nimjibu nini, na hayo mafaili niyafute?

JIBU: Pole ndugu yangu, ila bosi wako kauliza swali zuri, tena ulitakiwa ujiulize wewe kabla hamjanunua hiyo sistimu. Mmejenga ghala, mmejaza, ndo sasa mnatafuta mlaji.

Anza upya kwa kushika mpango mkakati wenu, usihangaike nao wote, tafuta lile lengo ambalo wakubwa wanabanwa nalo kila kikao. Tuseme ni kupunguza muda wa kushughulikia malalamiko ya wateja toka siku 10 hadi 4. Sasa shuka kwa wanaofanya hiyo kazi, kaa nao hata siku mbili, waulize mnakwama wapi, mkikwama mnamuuliza nani, na huyo mtu akienda likizo inakuwaje? Hapo ndo utaona kumbe shida sio faili, shida ni kwamba watu wawili tu jengo zima ndo wanajua lalamiko gumu linamalizwaje na hawajaandika popote, liko kichwani mwao, na mmoja anastaafu karibuni. Hiyo ndo kazi yako, sio kuomba ripoti.

Chukua mfano wa mafundi wa Xerox, kampuni ya mashine za fotokopi, miaka ya 1990. Mtindo ulianzia Ufaransa, fundi akigundua namna ya kutibu tatizo ambalo kitabu hakikulisema aliandika dokezo fupi, wenzake wanalikagua, linaingia kwenye mfumo na jina lake. Lengo lilikuwa mashine ya mteja ipone haraka, basi. Na hilo la jina usilidharau, watu wanapenda kujulikana kwa ujuzi wao kuliko kuandikiwa waraka wa kuwalazimisha.

Kama bosi wako ni mtu wa vyeti mwonyeshe ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kipengele 7.1.6, inataka shirika lijue ni maarifa gani linahitaji ili kazi zake ziende. Ipo na ISO 30401 ya 2018 ambayo ni ya usimamizi wa maarifa wenyewe. Lakini usianzie huko, utamchosha.

Kikao kijacho usitaje idadi ya mafaili, taja siku. Jaribu kwa timu moja kwanza, nyingine iendelee kama zamani, ulinganishe, maana siku zinaweza kupungua kwa sababu waliongezwa watu na wewe ukajisifia bure. Na lengo likibadilika mwakani, na wewe badilika, using'ang'anie ya jana.

Kuhusu kufuta, subiri kidogo. Angalia yapi yamefunguliwa miezi 6 iliyopita, yasiyo na mwenyewe yaweke pembeni, ila yale ya mikataba na sheria usiyaguse hata moja kabla hujaongea na watu wa masjala.